Akina mama, msiwafukuze walinzi wenu kwa sabuni

Mada ya leo ina aibu kidogo. Lakini Bi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao, basi nasi tuseme.

Wapo akina mama, hapa Njombe na kule Makambako, wanaodhani twahara haitimii mpaka waoshe ndani ya uke kwa sabuni. Wengine huongeza ndimu, siki, hata dawa ya kusafishia vidonda. Nia yao ni njema, lakini wanajidhuru. Josho linataka maji yafike nje ya mwili, pamoja na kile kinachoonekana mwanamke akichuchumaa. Kina cha ndani hakimo.

Humo ndani Allah ameweka walinzi. Ni bakteria waitwao laktobasili, ndugu wa wale wanaogandisha mtindi. Hula sukari ya kwenye kuta za uke na kutoa asidi ya laktiki, ileile inayoufanya mtindi uwe mchachu. Baadhi yao hutengeneza pia haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya dukani inayotoa povu kwenye kidonda. Wakipata oksijeni, vimeng'enya vyao huigeuza kuwa peroksaidi. Na kwa kuwa wao hawana kimeng'enya cha kataleizi cha kuivunja, hujikusanya na kuwaunguza vijidudu waharibifu.

Kwa miaka mingi wataalamu waliipa peroksaidi sifa zote. Utafiti wa mwaka 2011 uliwarudisha nyuma: ndani ya uke oksijeni ni haba, na asidi ndiyo inayofanya kazi kubwa zaidi. Iwe hii au ile, mwenye kuzitoa zote mbili ni mlinzi yuleyule, na sabuni humwondoa.

Akiondoka, vijidudu vya harufu kama ya samaki hushika nafasi. Mama akisikia harufu huongeza sabuni, na tatizo huzidi. Na si harufu tu. Mwanamke aliyepoteza walinzi hawa huambukizwa virusi vya UKIMWI kwa urahisi zaidi. Katika uchunguzi wa kitaifa wa 2022-2023, mkoa wa Njombe uliongoza nchi nzima: asilimia 12.7 ya watu wazima. Makambako ni njia panda ya Tunduma na Songea, malori yanalala pale. Mke aliyetulia nyumbani hajui mumewe amepita wapi.

Utauliza, je, mtindi utawarudisha? Mwaka 2004 akina mama wa kikundi cha Tukwamuane, Mabatini, Mwanza, wakisaidiwa na watafiti wa Tanzania na Kanada, walianza kutengeneza mtindi wenye laktobasili waliochaguliwa kwa ajili ya afya. Mtindi wetu wa nyumbani ni chakula kizuri, unyweni, lakini bakteria wake si wale wa ukeni. Usiupake huko, wala usiufanye dawa.

Osha nje kwa maji safi, toka mbele kwenda nyuma. Ukiona uchafu wa kijivu wenye harufu, nenda zahanati, kuna vidonge vya kutibu. Na wewe mume unayemtuma mkeo dukani kununua dawa za kubana, nenda naye mkapime wote wawili.