Kidonda cha Mionzi na Dawa ya Hewa

Juma hili tuseme juu ya taabu ambayo wengi huificha kwa aibu. Mama ametibiwa kansa ya mlango wa kizazi kwa mionzi, akapona, akarudi shambani. Miezi au hata miaka ikiisha kupita, anaona damu katika mkojo. Majirani wanasema, “Amerogwa.” Yeye ananyamaza.

Sikilizeni basi. Mionzi huua kansa, lakini hudhuru pia mishipa midogo ya damu iliyo karibu. Mishipa hiyo ikizibika polepole, nyama ya mahali pale hukosa hewa, ikawa kama bustani iliyozibiwa mfereji: hunyauka, na kidonda hakifungi.

Katika nchi kadhaa madaktari huitibu taabu hii kwa hewa. Mgonjwa huingia katika chumba imara, mlango hufungwa, na hewa husukumwa ndani mpaka kani yake ifike kama mara 2 na nusu ya ile ya kawaida. Humo huvuta oksijeni tupu kwa dakika 90 hivi. Mwaijua chupa ya soda: gesi imeshindiliwa majini, nayo hukaa humo mpaka kifuniko kifunguliwe. Ndivyo oksijeni inavyoshindiliwa katika maji ya damu. Mgonjwa akirudia mara 30 au 40, siku baada ya siku, mishipa mipya huota.

Je, yafaa? Mwaka 2019 madaktari wa Uswidi na nchi jirani zake walitangaza kwamba wagonjwa wa kibofu waliopewa hewa hiyo walipata nafuu kuliko wenzao waliopewa matibabu ya kawaida. Lakini si dawa ya kila kitu. Mwaka huohuo, huko Uingereza, haikuonekana kuwakinga na ubovu wa mfupa watu waliong’olewa meno katika taya lililopigwa mionzi.

Vyumba hivyo ni vichache, tena ni vya gharama kubwa. Basi sisi wa vijijini tushike nini? Tushike hili: usifiche. Ukiona damu, nenda hospitali, useme waziwazi, “Nilipigwa mionzi mwaka fulani.” Huenda kansa imerudi, huenda siyo, daktari ndiye atakayepima. Nawe uliyepigwa mionzi tayani au shingoni, usikubali kung’olewa jino kabla hujamwarifu daktari wa meno.

Karatasi ya hospitali usiitupe. Iweke sandukuni pamoja na vyeti vya watoto.