Mohamed yupi, bwana?

Mimi huku Kayanga nadunda, ila leo naomba niwatobolee siri moja ya aibu. Nimemponza mdogo wangu wa tumbo moja, na aliyeniponza mimi ni jina moja tu: Mohamed.

Kisa chenyewe kiko hivi. Dogo yuko kidato cha nne, shule ya bweni hukuhuku Karagwe. Likizo iliyopita alikuja na kazi. Siku ya mdahalo ilibidi asimame mbele ya wenzake aeleze habari za mwandishi wa Wasakatonge, kile kitabu cha mashairi ambacho sisi tuliosoma sekondari tulikibeba mpaka kikaota nywele. Akaja kwangu. Asije kwa nani? Pale nyumbani mwandishi ndiye mimi. Jina langu linatoka gazetini, hata mama akienda gulioni Omurushaka anatembea kwa maringo.

Basi bwana, nikajifanya mjuaji. "Mohamed huyo? Namjua vizuri. Mzanzibari. Ndiye aliyeandika Utengano, akaandika Kiu, na yule Bwana Msa mpelelezi ni wake vilevile. Mtu mmoja, kichwa balaa!"

Mtoto wa watu akaandika yote kwenye daftari, na kupigia mstari akapigia.

Siku ilipofika akamwaga sera. Akamaliza, makofi yakaanza, halafu msichana mmoja wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono. "Samahani, huyo mtu mmoja unayemsema mbona ni watu wanne?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Tangu siku ile jina lake bwenini ni "Mohamed Wote". Limeganda kama ulimbo.

Jioni akanipigia kwa simu ya matroni. Hakulia, hakunitukana. Alisema hivi tu: "Kaka, usinisaidie tena." Akakata.

Wapenzi, afadhali angenitukana. Yule ndiye mtu pekee duniani anayeamini kila ninachosema. Sasa amebaki nani? Matoke siku ile yalinishinda, nikayaacha kwenye sahani yanapoa.

Jumamosi nikadandia bodaboda kwenda Nkwenda, upande wa Kyerwa. Kule kuna mwalimu mmoja mstaafu aliyefundisha Kiswahili pande zote hizi tangu zikiwa wilaya moja, kabla Kyerwa haijakatwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Njiani kijana wa pikipiki akaniuliza jina.

"Mugisha."

"Kama yule wa gazetini?"

Kifua kikajaa. "Ndiye mimi mwenyewe."

Akacheka mpaka pikipiki ikayumba. "Acha hizo, bro. Mugisha wa gazetini namjua. Ni jamaa wa Kaisho, mnene, nimeshambeba mara mbili."

Nikamwapia kwamba ni mimi. Akajibu kwamba hata yule wa Kaisho aliapa. Nikaishiwa pozi. Makala nikeshe nayo mimi, sifa aende nazo mtu mnene wa Kaisho! Nilikaa kimya mpaka Nkwenda, roho inaniuma kweli.

Mwalimu nilimkuta anaanua kahawa. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba mwanangu, karibu." Nikamweleza kasheshe langu lote. Hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na sanduku la bati, akaanza kupanga vitabu kwenye mkeka, mafungu manne. Kisha akaniambia nitafute herufi S kwenye kila jina. Nikatafuta. Lo! Ipo kwa wote, na kila mmoja ina maana yake.

Fungu la kwanza ni la Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Huyu ndiye mwenye Bwana Msa. Na hilo "Msa" usifikiri ni jina la mtaani, ni herufi za jina lake mwenyewe: M.S.A. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la kuandika hadithi, ikachapwa kitabu mwaka 1960. Bwana Msa anavuta kiko, anachekecha akili, na pale watu wanapolia uchawi na mizimu yeye anamtafuta binadamu aliyefanya. Ikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, kisha Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na nyingine. Sasa sikia kali: mzee huyu kwa miaka kadhaa alikuwa mhariri wa Mkulima, jarida la kilimo! Huku hadithi za mauaji, kule habari za mashamba. Alifariki mwaka 1991.

Fungu la pili ni la Mohamed Suleiman Mohamed. Huyu hana mpelelezi. Kiu, ya mwaka 1972, ni kiu ya mapenzi na kiu ya pesa, na msichana Bahati yupo katikati wanaume wanamchezea karata. Nyota ya Rehema, ya mwaka 1976, ni ya binti anayekataliwa na baba mzazi, halafu baadaye mambo ya shamba na urithi yanaingia. Mwalimu hapo akanitazama kwa chini ya miwani. Sisi watu wa Kagera na vibanja vyetu, nani wa kutufundisha kesi ya shamba la baba na binti yake? Kitabu kinatoka Unguja lakini kinapita mlangoni kwetu.

Fungu la tatu lilikuwa kubwa kuliko yote. Said Ahmed Mohamed, ambaye Mohamed wake amekaa mwisho. Asali Chungu mwaka 1977. Utengano mwaka 1980, na mle yumo Maksuudi, mkubwa mwenye jina mjini, anayemfungia binti yake Maimuna ndani ya nyumba mpaka binti anatoroka. Kwa riwaya hakukomea. Ana mashairi ya Sikate Tamaa, ana hadithi fupi, ana tamthilia ya Kivuli Kinaishi ambayo waliofika kidato cha tano na sita wanaikumbuka. Amefundisha vyuo vikuu vya Osaka kule Japani na Bayreuth kule Ujerumani.

Fungu la nne, jembamba, ndilo lililotuletea balaa. Mohamed Seif Khatib, mwenye Fungate ya Uhuru na Wasakatonge. Mwanasiasa huyu, mbunge na waziri, alifariki mwaka 2021. Yaani mtu wa gari la bendera ndiye aliyekaa akawaandikia mashairi wanaosaka tonge la ugali. Ungefikiri jambo hilo lingemfaa sana dogo kwenye mdahalo. Mimi nililizika, nikampa sifa za wengine watatu ambazo hakuziomba.

Nikajitetea kidogo. Nikasema majina yanafanana mno, nani asikosee? Mwalimu akaniuliza kama mimi ni mtu wa Karagwe kweli. Watawala wa zamani wa hapa, jina la Ruhinda limerudiwa, la Ntare limerudiwa. Wazee wakisimulia hawakuachii hewani. Mtawala aliyewapokea Wazungu Speke na Grant mwaka 1861 wanamwita Rumanyika Orugundu, jina kamili. "Babu zako hawakuwa na karatasi wala kalamu na hawakuchanganya," akasema. "Wewe una jalada mbele ya macho."

Nikanyamaza. Akanionya pia kwamba mambo huwa kinyume. Penina Muhando wa Hatia na Nguzo Mama, na Penina Mlama anayemkuta mtu kwenye vitabu vya taaluma ya maonyesho, ni mama mmoja huyohuyo. James Ngugi aliyechapisha riwaya mwaka 1964 na Ngũgĩ wa Thiong'o aliyefariki mwaka 2025 ni mtu mmoja. Wanne wanaweza kuwa jina moja, na mmoja akawa na majina mawili. Dawa yake haina ujanja: soma jina lote, halafu fungua kitabu. Na mimi, wapenzi, ngoja niseme ukweli, kati ya vile nilivyomtajia dogo nilikuwa nimesoma kimoja tu. Vingine nilisikia.

Mwalimu aliniazima viwili, Nyota ya Rehema na Utengano. Nimevisoma vyote kabla ya kuvifikisha popote, usiku, kwa tochi ya simu. Mabinti wawili, baba wawili wabovu, waandishi wawili. Ukimaliza huwezi tena kuwachanganya. Rehema anakutoa machozi, Maimuna anakutia hasira.

Jumapili ya kutembelea wanafunzi nikaenda bwenini na vitabu vyangu viwili na kopo la senene wa kukaanga, maana ukienda kuomba radhi usiende mkono mtupu. Dogo akatoka, akanisalimia kama anavyomsalimia mgeni wa serikali. Senene akachukua. Nikamweleza yote, mafungu manne, mmoja mmoja, na nikakiri kwamba nilimdanganya kwa kutaka sifa. Nikamwambia hata habari ya mnene wa Kaisho.

Hapo ndipo alipocheka. Akacheka mpaka matroni akageuka.

Kisha akavuta Nyota ya Rehema, akasoma jalada kwa sauti, polepole, majina yote matatu ya mwandishi. Akafungua ukurasa wa kwanza. "Hiki nitakusimulia mimi nikimaliza," akaniambia. "Wewe usinisimulie kitu."

Sawa, nimekubali. Nasubiri zamu yangu ya kufundishwa.

Na wewe bwana wa Kaisho, kama unasoma hapa, lipa nauli za watu ukijulikana kwa jina lako.

Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Mugisha wa Kayanga, siyo mwingine.