Samadi ya Kuku si Mtaji Kamili wa Atemia

Mayai makavu ya atemia, wale uduvi wadogo wa maji ya chumvi kali, yana mnunuzi wa hakika. Vituo vya kutotolea kamba na samaki wa baharini huyaloweka, na kwa muda wa siku moja hivi hupata chakula hai cha vifaranga wao. Kwa miaka mingi soko lilitegemea zaidi Great Salt Lake huko Marekani. Mavuno yalipokuwa mabaya huko mwishoni mwa miaka ya 1990, bei ilipanda. Wakulima wa chumvi wa Vinh Chau, kusini mwa Vietnam, nao wamo sokoni, na pembejeo yao mojawapo ni samadi ya kuku.

Hapo ndipo mwenye mtaji mdogo wa pwani yetu hupiga hesabu ya haraka. Jua lipo, chumvi ipo, samadi ni ya kubeba tu kwa wafugaji. Atemia naye si mgeni: aliletwa katika mashamba ya chumvi ya kaskazini ya Malindi tangu miaka ya 1980. Basi amwage magunia bwawani na kungoja fedha!

Hesabu hiyo ina pengo. Kazi kubwa ya samadi ni kukuza vimelea vya kijani vya majini, ambavyo atemia huvichuja na kuvila. Ikizidi, huoza, humaliza hewa ya maji usiku, na kuotesha utando sakafuni usiolika. Ndiyo maana Vinh Chau mbolea huwekwa katika bwawa la pekee, kisha maji ya kijani hupelekwa kwenye bwawa la atemia. Kwa mwekezaji, hayo ni mabwawa mawili, pampu na mafuta yake. Wanaotafuta wabia hawayataji sana.

Tena maji hayo ya kijani yana chumvi pungufu. Bwawa la atemia linahitaji gramu 80 au zaidi kwa lita, zaidi ya mara mbili ya bahari, ili samaki wanaomla wasiishi humo. Anayejaza kwa pupa huwafungulia mlango.

Kwa maoni yangu, asiye na shamba la chumvi aingie ubia na mwenye nalo, tena kwa kiangazi tu, kwani mvua kubwa huifuta chumvi. Na kabla ya kutoa fedha aulize ni nani atakayesafisha na kukausha mayai. Mnunuzi hutazama ni mangapi yanaanguliwa, si uzito wa mfuko peke yake.