Anayepandisha bei ya uongo kwenye mnada wa simu ni mwizi

MOKAMBO, Haut-Katanga – Kwenye masoko ya mpakani hila hii inajulikana tangu zamani. Muuzaji anasimama na nguo mkononi. Mtu anakuja, anaisifu kwa sauti, anataja bei ya juu. Mnunuzi wa kweli anaogopa kuikosa, anaongeza palepale. Jioni, yule aliyesifu anaonekana nyuma ya meza, anakula pamoja na muuzaji. Kumbe ni ndugu yake.

Leo hila hiyo imehamia ndani ya simu. Mtu anaweka picha ya masini ya kushona, friji ao piki-piki kwenye grupu la WhatsApp ao kwenye Facebook. Anaandika kwamba bei inaanzia dola 60, na atakayepandisha zaidi mpaka saa mbili za usiku ndiye atakayechukua. Huo ni mnada, na mnada wenyewe hauna kosa. Kosa linaanza pale muuzaji anaposhika simu ya pili, ao anapompa shemeji yake kazi ya kupandisha bei ya kitu ambacho hataki kukinunua.

Tufanye hesabu. Tuseme mama mmoja aliyekimbia vita huko Mitwaba anatafuta masini ya kushona ili aanze kazi upya. Anaandika dola 65. Hakuna mwingine anayeitaka, kwa hiyo kwa haki angeichukua kwa bei hiyo. Lakini namba isiyo na picha inaandika 70. Mama anaandika 75. Namba inaandika 80. Wanapanda hivyo mpaka 105, halafu namba inanyamaza. Mama analipa 105 na anafurahi kwamba ameshinda. Ameshindana na nani? Na muuzaji mwenyewe. Dola 40 zilizozidi zilikuwa za vitambaa na nyuzi.

Wanaoitetea hila hii wanasema: "Hakuna aliyemlazimisha, aliandika kwa kidole chake." Ni kweli aliandika yeye. Lakini aliandika kwa sababu aliambiwa kuna mtu mwingine anayekitaka kitu kile, na mtu huyo hakuwepo. Ukimdanganya mtu ili atoe feza, kusema kwamba alizitoa mwenyewe hakukuoshi.

Wengine wanasema ni mayele ya biashara, kila muuzaji anatafuta faida. Basi aitafute mchana. Kama hataki kuuza chini ya dola 105, aandike tangu mwanzo kwamba bei inaanzia 105. Njia hiyo iko wazi na haina gharama. Anayeikataa anajua kwamba kwa bei hiyo watu wangeenda kwingine.

Na sheria duniani hazioni jambo hili kuwa mchezo. Mwaka 2000, huko Marekani, picha moja ya kuchorwa ilipanda kwenye mnada wa eBay mpaka dola 135,805. Ikagunduliwa kwamba muuzaji alikuwa amejipandishia bei mwenyewe, na mnada ukafutwa. Mwaka uliofuata watu watatu walishitakiwa kwa kupandishiana bei kwa majina ya uongo. Mwaka 2010, mahakama ya Bradford, Uingereza, ilimwazibu mtu aliyekuwa akipandisha bei ya vitu vyake mwenyewe. Kwetu, kitabu cha sheria ya azabu, kwenye kipengele cha 98, kinaazibu utapeli: kutumia jina la uongo ao hila ili mtu atoe mali yake. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi ina pia sheria yake ya mambo ya dijitali. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba ya simu hayana sheria.

Mnunuzi atamtambuaje mshindani wa uongo? Alama ziko. Namba moja inapandisha bei kila mara kwa muuzaji mmoja tu, haionekani kwa wauzaji wengine. Inapandisha sana lakini haichukui kitu. Ao inashinda, na wiki inayofuata kitu kilekile kinarudishwa mnadani. Inakujibu kwa sekunde chache kila unapoongeza, halafu inanyamaza karibu na mwisho. Haina picha, na hakuna anayemfahamu mwenyewe. Alama kubwa kuliko zote ni ujumbe huu: "Aliyeshinda ameshindwa kulipa, wewe ulikuwa wa pili, chukua kwa bei yako." Bei hiyo si yako. Ni bei uliyofikishwa na mtu ambaye hakuwa na nia ya kulipa. Mwambie muuzaji aanze upya kwenye bei ya mwanzo, ao uondoke.

Alama moja haitoshi kumhukumu mtu. Mbili ao tatu pamoja zinatosha kumpeleka aulizwe.

Ukiona hivyo, usitoke kwenye grupu kwa hasira, maana utapoteza ushahidi. Piga picha za uso wa simu zinazoonyesha namba, bei na saa. Tunza ujumbe wa sauti na ule wa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money kama umekwisha kulipa, na uite kampuni hiyo haraka. Fungua jina la muuzaji kwenye WhatsApp ao Facebook, tafuta neno "Signaler", bonyeza. Kisha nenda kwa OPJ wa polisi ao kwenye parke. Wengi, zaidi familia zilizohama, wanaogopa kwenda huko peke yao. Basi msiende peke yenu. Tafuteni wengine walioumizwa na muuzaji huyo, mpeleke malalamiko pamoja. Lakini mtu asitangazwe kuwa mwizi barabarani. Watu wamekwisha kupigwa na kuchomwa kwa neno la mtu mmoja tu.

Lawama kubwa inabaki kwa wasimamizi wa magrupu. Wao wanaziona namba zote. Wanajua nani aliingia jana, nani aliingizwa na muuzaji, nani anapandisha bei kila siku bila kununua. Msimamizi anayechukua asilimia yake kwa kila kitu kinachouzwa anafaidika bei ikipanda, kwa hiyo kunyamaza kwake kunalipwa. Anayetaka kuaminiwa aweke kanuni tatu: anayepandisha bei ajulikane kwa jina na mahali anapokaa, bei ya chini iandikwe wazi, mshindi akikimbia, mnada urudi mwanzo. Akizikataa, wanunuzi wahame grupu lake. Bila wanunuzi, asilimia yake ni sifuri.

Familia iliyoacha nyumba, shamba na mbuzi inaanza maisha kwa kitanda kimoja, sufuria mbili na masini moja. Anayeiongezea dola 40 za uongo juu ya masini hiyo ameiibia mara ya pili. Aliyeona na kunyamaza alimshikia mlango.