Usione Vyaelea Chagaik

Mtu wa pwani akipanda bara hubeba sweta na maswali. Nami asubuhi ile nilishuka Chepseon, baridi ikinipenya mifupani, nikanywa chai ya maziwa kando ya barabara, kisha nikashika njia ya Kericho. Ilipobaki kama kilomita nane kuufikia mji, nikapinda kwenda Chagaik, kamera yangu begani.

Bwawa la Chagaik si kubwa. Limezungukwa na miti ya kila namna, ya kienyeji na ya ng'ambo, na mianzi mirefu na mayungiyungi yaliyotanda juu ya maji. Kwetu maji yaliyotulia namna ile twayajua birikani msikitini tu. Nikapiga picha, nikapiga tena.

Mzee mmoja wa Kikipsigis alikuwa akinitazama. Akaniuliza kwa upole: "Umechukua maji, umechukua na miti. Watu je, mzee mwenzangu?"

Sikuwa na jibu. Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Bustani ile ya miti ilianzishwa baada ya Vita Kuu ya Pili na mkulima wa chai aliyeitwa Grumbley. Apewe haki yake, kwani apandaye mti ametenda hisani. Lakini je, nchi haikuwa na wenyewe? Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya kikoloni ilitoa ekari 25,000 za Kericho kwa maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani, wapate kulima kitani. Mradi ukaanguka, na katika miaka ya 1920 makampuni ya chai yakaingia. Mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuwahamisha Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, kwa kuwa Waingereza waliwaona kuwa wachochezi. Wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malaria, wakakaa huko mpaka karibu na Uhuru.

Tusiseme hayo ni mambo ya bara. Tangu 1969 chai ya nchi hii hupigiwa mnada kwetu Mombasa, na hakuna baraza la pwani lisilonywa.

Sisi waandishi tuna kosa. Mara ngapi tumechapa picha ya mashamba yale, chini yake tukaandika "Mandhari ya kupendeza, Kericho", tukaona kazi imekwisha? Mimi mwenyewe nimefanya hivyo. Sisemi jina la aliyepanda miti lifutwe. Nasema majina mengine yaandikwe kando yake: katika magazeti yetu, na katika masomo ya watoto wanaopelekwa kule kutembea. Picha isiyo na habari ya wenyeji ni nusu ya picha.

Basi, ndugu msomaji, ukifika Chagaik piga picha zako, maana pazuri kweli. Lakini kabla ya kuondoka, muulize mzee wa pale.