Meksiko si Kofia Pana Tu

Wapo watu wanaodai kuujua muziki wa Meksiko kwa sababu wamewahi kuona picha ya wanaume wenye kofia pana na suti za vifungo vya fedha, wakipuliza tarumbeta. Hiyo ndiyo mariachi, nami sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na wale wanaoifanya kuwa Meksiko nzima, na wa kwanza kufanya hivyo walikuwa wakubwa wa Meksiko wenyewe.

Mariachi ilizaliwa vijijini, magharibi ya nchi, huko Jalisco na majirani zake. Ilikuwa ni muziki wa nyuzi: fidla, magitaa, pengine kinubi. Tarumbeta, ambayo leo huhesabiwa kuwa ndiyo roho yake, ilikuja kuzoeleka baadaye, enzi za sinema na redio, baada ya kituo cha XEW kuanza kutangaza mwaka 1930. Hata ile suti ni ya wapanda farasi wenye mali zao, si ya wakulima waliokuwa wakipiga. Taifa lililotoka vitani lilitaka sura moja ya kujionyesha kwa wageni, likaichonga.

Sasa, ndugu msomaji, tazama walioachwa nje ya picha. Veracruz kuna son jarocho, ambamo wachezaji hupanda juu ya ubao na visigino vyao ndivyo vinavyokuwa ngoma. Ni katika bandari hiyo Waafrika walikoshushwa kwa maelfu, watumwa, na mapigo yao yamo katika muziki huo hadi leo. Chiapas wanapiga marimba, nao huiita vivyo hivyo, marimba. Mswahili hahitaji kamusi kujua neno hilo lilivuka bahari kutoka wapi. Lakini wajukuu wa Waafrika hao walingoja hadi 2019 ndipo katiba ya Meksiko ikawataja! Ngoma yao ilichezwa miaka yote hiyo; wenyewe hawakuwamo.

Wapurépecha wa Michoacán nao wana nyimbo zao, pirekua, katika lugha yao. UNESCO iliziorodhesha mwaka 2010, mwaka mmoja kabla ya mariachi. Ni wangapi wamezisikia?

Kaskazini ndiko wanakokirihi zaidi wastaarabu. Kodiani iliyoletwa na wahamiaji wa Kijerumani iliangukia mikononi mwa vibarua, wakaisimulia maisha yao. Na Sinaloa kuna banda, matarumbeta na ngoma kubwa. Machi 2024, huko Mazatlán, wenye mahoteli walilalamika ati banda za ufukweni zinawasumbua watalii. Wanamuziki wakaandamana, wakapambana na polisi. Yaani mgeni amepanda ndege kuja kuiona Meksiko, halafu Meksiko inamsumbua usingizi! Banda zilikuwa zikipigwa Sinaloa tangu karne ya 19, kabla hoteli hizo hazijajengwa. Anayetaka kimya na achague ufuko mwingine.