Feni Inayoelea? Kwetu Itakwaruza Tope!

Wiki hii tuache mapenzi na viwalo. Tuzungumzie upepo, ule ule unaotupepea bure jioni tukikaa juu ya mawe.

Huko Scotland, tangu 2017, kuna feni tano kubwa za kufua umeme zinazoelea baharini. Ndiyo, zinaelea! Mradi unaitwa Hywind, una megawati 30. Kila mnara una mguu mnene, mtupu kama pipa, chini umejazwa mzigo mzito ili usipinduke, kisha unashikwa na minyororo na nanga. Bahari ikiwa na kina kirefu mno, kusimika nguzo chini ni gharama za kufa mtu. Bora ielee.

Sasa mabrazameni wa vijiweni wanataka na sisi tuletewe ziwani. Pole pole kaka! Mguu wa feni hizo unazama mita 78 hivi. Ziwa Victoria, pale penye kina kuliko pote, ni mita kama 80. Kwa wastani ni 40 tu. Si itakwama topeni? Zipo za miguu mifupi, lakini ya nini kulipia kuelea wakati nguzo inafika chini? Kiatu cha jirani ni cha jirani.

Kwa hiyo siku wakija na nguzo zao, sisi tuulize mawili. Kwanza, waya. Wenzetu Wakenya walisimamisha mapanga 365 nchi kavu, karibu na Ziwa Turkana. Yalikuwa tayari 2017, yakakaa kama mapambo mpaka 2018, njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 ilipokamilika. Feni bila waya ni redio bila betri.

Pili, wavuvi wa dagaa. Usiku wa giza wanawasha taa na kushusha nyavu maji hayo hayo. Nguzo zikiwekwa bila kuwauliza, nyavu zitanasa, na fungu lako la dagaa litapanda bei, shauri yako!

Mtaalamu aje na vipimo vyake, karibu sana. Ila aanzie mwaloni. Wenye mitumbwi ndio wanaojua upepo unavyotoka ziwani mchana, unavyogeuza usiku, na saa ngapi unakufa kabisa.

Haya, tukutane wiki ijayo.